Kadio Siyo Dawa ya Kitambi: Acheni Kuwadanganya Vijana wa Nakwa

Kuna biashara mbili zinazotamba kwenye simu za vijana wa Babati: mikeka ya kubeti na kupunguza tumbo. Ya kwanza angalau inakuambia mapema kwamba hela inaweza kupotea. Ya pili haisemi kitu.

Kila baada ya wiki anaibuka mrembo mmoja wa Insta. Jina halina haja ya kutajwa, wanaomfuata wanamjua. Mkono mmoja kashika mkanda wa kubana tumbo, mkono mwingine kopo la chai, anawaapia mabinti kwamba siku saba za kadio, mkanda na chai vinatosha kurudisha kiuno cha kidato cha pili. Binti wa Nakwa anatuma hela kwa simu, mzigo unakuja na basi, anaufuata stendi. Anajifunga, anakimbia siku nne, anapanda mizani. Kilo ni zilezile. Siku ya tano analala. Mkanda unabaki kuning'inia nyuma ya mlango.

Hela imekwenda, sawa, hela hutafutwa. Hasara kubwa ni kwamba binti huyo sasa anaamini mazoezi "hayaukubali mwili wake". Ameachana na kitu ambacho kingemlinda miaka 40 ijayo, kwa sababu aliuziwa kwa kazi ambayo siyo yake. Ni kama mtu kununua jembe la kusukia nywele, likimshinda anasema majembe ni utapeli.

KADIO NI YA MOYO, JINA LENYEWE LINASEMA

Kadio ni zoezi lolote linalofanya moyo uende kasi na pumzi ziongezeke kwa dakika kadhaa mfululizo: kutembea haraka, kukimbia, kuendesha baiskeli, kuruka kamba, kuogelea, hata kucheza muziki mpaka nguo zilowe. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki linalomaanisha moyo. Halijatoka kwenye kiuno, halijatoka kwenye makalio, na halina undugu wowote na mkanda.

Moyo ni msuli. Ukiuzoesha kazi mara kwa mara, unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo ukipumzika hauhitaji kupiga mara nyingi. Chukua watu wawili wamekaa kibarazani. Mmoja moyo wake unapiga mara 80 kwa dakika, mwenzake aliyezoea mazoezi mara 65. Tofauti ni mapigo 15 tu, inaonekana ndogo. Izidishe kwa dakika 60, kisha kwa saa 24: ni mapigo 21,600 kwa siku moja. Mmoja moyo wake unafanya ovataimu bila malipo, mwingine unapumzika.

Na siyo moyo peke yake. Mtu anayefanya kadio kwa miezi, presha yake huwa na nafasi nzuri ya kushuka. Misuli inatumia sukari ya kwenye damu vizuri zaidi, kwa hiyo hatari ya kisukari inapungua. Hatari ya kiharusi inapungua. Usingizi unakuja. Mawazo yanapungua makali, na hili kwa kijana anayezunguka na vyeti kutafuta ajira siyo jambo dogo.

Sasa angalia: katika faida zote hizo, hakuna hata moja inayoonekana kwenye picha. Ndiyo maana wauzaji wa mikanda hawazitaji. Presha iliyoshuka haipigwi selfie.

KITAMBI HAKIPOKEI AMRI

Uongo mkubwa kuliko wote ni huu wa kuchoma mafuta ya sehemu moja. Eti ukiruka kamba hivi tumbo linapungua, ukikata kiuno vile mapaja yanapungua. Mwili haufanyi kazi hivyo. Ukihitaji nguvu, unachota mafuta kwenye ghala lote, na ni mwili wenyewe unaoamua uanzie wapi. Kuna mtu ataanza kupungua uso, mwingine mikono, na tumbo ambalo ndilo lililomtoa nyumbani likawa la mwisho.

Halafu ipo hesabu ambayo hawa mastaa wanaikwepa. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 5, anachoma takriban kalori 350. Hiyo ni kazi, wala isidharauliwe. Lakini soda ya nusu lita ina kalori zaidi ya 200. Ukimaliza kukimbia ukajipongeza kwa soda na chapati ya mafuta, hesabu imerudi ilipoanzia, pengine na chenji juu. Kupunguza uzito kunaanzia kwenye sahani, kadio inasaidia kusukuma na kulinda kilichopatikana. Anayekuambia unaweza kula chipsi mayai kila usiku ukaikimbia asubuhi, huyo anataka uendelee kuwa mteja.

Na mkanda? Mkanda unabana. Ukifunga gunia kwa kamba katikati, gunia linapata kiuno. Ukifungua kamba, mahindi yanarudi mahali pake. Zaidi ya hapo, mkanda unazuia kifua na tumbo kutanuka wakati wa kuvuta pumzi, yaani unaharibu kitu kilekile ambacho zoezi linakuja kukijenga.

Ile chai nayo ina siri yake. Chai nyingi za kupunguza tumbo zinatumia sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyajua zamani kama dawa ya kuharisha. Mizani inashuka kwa sababu umekwenda chooni mara tano. Yaliyotoka ni maji na choo. Mafuta yako yamekaa pale pale yanakuangalia.

JASHO SIYO MAFUTA YANAYOYEYUKA

Hili lipite haraka maana ni rahisi. Wapo wanaojizungushia nailoni tumboni, wanavaa sweta mbili juu, wanakimbia juani, wanarudi wamelowa na kushangilia kilo moja iliyopungua. Kilo hiyo ni maji. Ukinywa maji, imerudi. Jasho ni njia ya mwili kujipooza, na ukilizuia kwa nailoni unaukaribisha mwili kuzidiwa na joto.

Mafuta yanatokaje basi? Kwa sehemu kubwa yanatoka kwa pumzi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia waliandika hesabu yake kwenye jarida la kitabibu la BMJ: katika kilo 10 za mafuta yaliyotumika mwilini, kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 zinazobaki hugeuka maji. Yaani kitambi kinaondoka kwa kuhema, na bado kuna mtu anauziwa nailoni.

"MIMI MWEMBAMBA, YA NINI?"

Hapa ndipo uongo wa tumbo unapoumiza watu wasio na tumbo. Ikishaaminika kwamba kadio ni ya wanene, wembamba wote wanajitoa. Pita vijiweni Nakwa uone: kijana wa kilo 58, kiuno cha nyigu, anacheka wanaokimbia. Kwake mazoezi ni adhabu ya waliokula sana.

Presha haipimwi kwa mizani. Mtu mwembamba anapata presha, anapata sukari, anapata kiharusi. Tena presha ina tabia mbaya ya kukaa kimya miaka na miaka bila maumivu wala dalili, mpaka siku inapobisha hodi kwa kishindo. Wangapi mtaani walikuwa "wazima kabisa" mpaka asubuhi ile mkono mmoja ulipokataa kuinuka? Ndugu wakaanza kuchangishana, wengine wakasafirishwa mpaka Dar. Kupima presha kwenye kituo cha afya ni suala la dakika chache. Kutembea haraka nusu saa hakuna kiingilio. Lakini kijana ameambiwa yeye ni mwembamba, kwa hiyo ameshamaliza.

"SISI MBIO ZIPO KWENYE DAMU"

Uongo huu ni wa nyumbani, na ni mtamu maana umepakwa sifa za kweli. Mkoa wa Manyara umetoa wakimbiaji, hilo halina mjadala. John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, ndiye aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na mguu umefungwa bandeji. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Miaka 27 baadaye, katika mji huohuo wa Edmonton, Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati hii hii, akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, mwaka 2005. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu kutoka kwa jirani zetu wa Singida akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani kwa tofauti iliyohitaji picha kuamua.

Safi sana. Sasa kijana aliyeshinda ameegemea pikipiki tangu saa mbili asubuhi anahusika vipi na medali hizo?

Akhwari alikimbia. Shahanga alikimbia. Fabiano alikimbia. Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nzuri, Mlima Kwaraa unaanzia karibu na mji, na vyote hivyo havimsaidii mtu aliyekaa. Bibi wa Nakwa aliyelima kwa jembe la mkono, akabeba kuni kichwani na maji juu yake, alikuwa anafanya kadio kila siku bila kuijua kwa jina. Kazi ya kuhemesha inahesabika, tena sana. Lakini mjukuu wake anatoka kitandani, anapanda bodaboda, anakaa dukani, anarudi kwa bodaboda, anakaa na simu. Shamba la bibi unaweza kulirithi. Moyo wake hurithi.

DEREVA NA KONDAKTA

Na wale wanaosema "mimi nahangaika mjini kutwa, hayo ndiyo mazoezi yangu", wana kisa chao. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikusanya nauli. Kampuni ileile, barabara zilezile. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakuugua vikali kama wenzao.

Hamishia hapa. Mwendesha bodaboda anaondoka alfajiri na kurudi usiku hoi, vumbi mpaka kwenye kope. Anachoka, nani atamkatalia? Lakini amechoka kwa jua, kelele na mawazo ya hesabu ya bosi, huku moyo wake ukiwa haujapandishwa hata mara moja. Kuhangaika ni kitu kimoja, kuhema ni kitu kingine. Mbeba mizigo wa sokoni, ambaye wengine wanamwona wa chini, kwa habari ya moyo huenda amewaacha mbali wote waliokaa juu ya siti.

WANA WA VYUMA NA TIZI LA KUFA

Jimu nako wapo manabii wao. Jamaa kajaa kifua, mikono haifungi, anawaambia wadogo zake wasiguse kadio kwa sababu "inakula misuli". Mpandishe mteremko mmoja tu wa Kwaraa, uone kifua kile kinavyopiga mluzi. Nusu saa ya kadio mara kadhaa kwa wiki haimalizi misuli ya mtu anayekula na kulala vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wala hauwagombanishi: mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za zoezi la wastani, au 75 hadi 150 za zoezi kali, na juu yake afanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Vyote viwili. Misuli bila pumzi ni gari zuri lenye injini ya pikipiki.

Upande wa pili yupo mwalimu wa klipu anayepiga kelele kwamba bila kutapika hujafanya kitu. Huyu anafukuza watu wengi kuliko mvua. Mtu hajakimbia tangu mchakamchaka wa shule ya msingi, siku ya kwanza anaambiwa kilomita 10. Kesho yake hawezi kukaa wala kusimama, na hapo habari imeisha.

Kipimo cha zoezi la wastani hakihitaji saa ya bei mbaya. Ukiwa unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, upo mahali sahihi. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, hilo tayari ni zoezi kali. Kama ndiyo unaanza, punguza. Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie. Akitembea tu kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, hizo ni dakika 150 kamili, na hajavunjika popote.

DADA ANAYEKIMBIA HAMKIMBII MTU

Sasa lije jambo ambalo wanaume wa vijiweni hawapendi kuambiwa. Mabinti wengi hawaachi mazoezi kwa uvivu. Wanaachishwa.

Dada anatoka asubuhi, kajifunga khanga juu ya suruali ya mazoezi ili asionekane vibaya. Hajafika mbali: "Sista, unamkimbia nani?" Mbele kidogo: "Kaachwa huyo, anatafuta shepu." Mwingine anawasha pikipiki, anamfuata taratibu pembeni, anaomba namba. Mama wa miaka 50, aliyeambiwa na daktari atembee kwa ajili ya presha, anachekwa kama kichekesho cha TikTok. Siku ya tatu anaamua kutembea ndani ya uwanja wake mwenyewe, raundi 10 kati ya jiko na choo. Siku ya sita anaacha.

Wachekaji haohao ndio wataombwa mchango wa nauli ya rufaa, na watatoa, maana watu wa Babati si wachoyo. Lakini ingekuwa rahisi zaidi kufunga mdomo asubuhi kuliko kufungua pochi jioni. Mwanaume anayetaka mkewe, dada yake na mama yake waishi, aanze kwa kuwanyamazisha washkaji zake barabarani.

Mabinti nao wameshaanza kugundua dawa: kutoka watatu, wanne, pamoja. Mtu mmoja anachekwa, kundi linapishwa njia.

FULANA MPYA, MOYO ULEULE

Mwishoni mwa mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Wazo zuri, halina ubaya. Shida ni kilichofanyiwa wazo hilo mitaani. Wakubwa wa aina fulani wanajulikana: fulana mpya zenye nembo, spika kubwa, mheshimiwa anakimbia mita 200 za kamera, anaingia kwenye gari lenye kiyoyozi, watu wanahamia kwenye supu. Mwezi mzima unaofuata hakuna aliyeonekana barabarani.

Moyo hauna habari na fulana. Haujui bonanza wala mgeni rasmi. Unachojua ni mara ngapi wiki hii umepandishwa, na wiki ijayo pia, na ile nyingine. Faida za kadio hazihifadhiki kama mahindi ghalani. Ukiacha wiki chache zinaanza kuondoka. Ndiyo maana zoezi dogo la kila siku linalishinda bonanza la mara moja kwa mwezi.

BARABARA IPO, HAIDAI HELA

Kijana wa Nakwa hahitaji mkanda, chai, nailoni wala viatu vya laki mbili. Anahitaji raba zisizombana, maji, na mwenzake mmoja asiyependa kughairi. Awe na akili tu: Ziwa Babati lina viboko, na usiku mpaka alfajiri hutoka majini kula nyasi, kwa hiyo ukingo wa ziwa gizani siyo uwanja wa mazoezi. Barabarani akimbie akiyatazama magari yanayokuja. Mwenye presha, sukari, ujauzito au maumivu ya kifua apite kwanza kituo cha afya. Anayesikia kifua kubana au kizunguzungu katikati ya zoezi asimame hapohapo akatafute msaada, siyo kukaza meno.

Na safari moja kwa siku aikatae bodaboda. Hiyo ya kufuata vocha, hiyo ya kwenda kuangalia mpira. Nauli ibaki mfukoni, miguu ifanye kazi iliyoumbiwa.

Mrembo wa mkanda ataendelea kuposti, hiyo ni biashara yake, na mwezi ujao atakuwa na kopo jipya. Lakini binti aliyeacha siku ya tano aambiwe ukweli ambao hakuambiwa mwanzo: hakushindwa. Siku nne zile alizokimbia, moyo wake ulikuwa umeshaanza kuitika. Ni mizani tu haikuwa na habari.

Avue mkanda, atoke tena kesho.